Mabonde ya Kraków na watoto watatu, mmoja wao kwenye kigari

SWALI: Tunaishi Ujerumani, mimi na mume wangu ni watu wa Tanga. Likizo ya Oktoba tunataka kwenda Kraków, Poland, kwa siku nne, kwa treni, bila gari. Watoto wana miaka 9, 6 na 2, na mdogo bado anasukumwa kwenye kigari. Hatujawahi kwenda matembezi ya porini. Nimesikia nje ya mji kuna mabonde mazuri ya mito. Tuanze na lipi, kilomita ngapi zinatosha, na tutakula nini sisi tusiokula nguruwe? Pia nawaogopa kupe.

JIBU: Mama, ondoa kwanza hofu ya milima. Hakuna mlima mtakaolazimika kuupanda. Kaskazini na magharibi mwa Kraków kuna uwanda wa mawe ya chokaa yaliyojijenga chini ya bahari miaka milioni 150 hivi iliyopita, zama zilezile za mawe ya mapango yenu ya Amboni. Vijito vimeukatakata uwanda huo vikaacha mabonde membamba. Mashamba na vijiji viko juu, kuta za mawe meupe ziko kando, na chini ni tambarare yenye kijito na njia.

Ukilielewa jiwe hilo umeielewa safari yote. Sakafu ya bonde ni rahisi hata kwa mtoto wa miaka miwili, lakini njia yoyote inayoiacha sakafu hiyo hupanda papo hapo, kwa ngazi au mizizi ya miti. Jiwe la chokaa lililokanyagwa na maelfu ya viatu hung'aa, na likilowa huteleza kama sabuni. Maji nayo hupita kwenye nyufa za mawe upesi mno bila kuchujwa, kwa hiyo maji ya chemchemi, hata yakiwa maangavu kiasi gani, watoto wasiyanywe. Yanaweza kuwa yameteremka jana tu kutoka kwenye shamba lililotiwa samadi.

Kwa siku nne nakushauri mabonde mawili tu: siku ya pili na siku ya nne. Siku ya kwanza na ya tatu zibakie za mjini. Familia nyingi hukosea kwa kupanga bonde kila siku. Siku ya kwanza mtoto wa miaka sita huenda kwa furaha, ya pili hununa, ya tatu hubebwa, na wa kumbeba ni yuleyule mwenye begi.

Bonde la kuanzia ni la mto Prądnik, kijijini Ojców (tamka "Oitsuf"), ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ojców. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1956 na ndiyo ndogo kuliko zote Poland, hekta 2,146 tu. Udogo huo ni faida kwenu: kasri, pango, mwamba na kanisa viko karibu karibu, na mtoto haulizi "tumefika?" kwa sababu kila baada ya dakika ishirini kweli mmefika mahali.

Kutoka Kraków kuna mabasi madogo yanayofanya kazi kama daladala, nayo wenyeji huyaita "bus". Yapo yanayokwenda Ojców, lakini wikiendi na nje ya majira ya joto hupungua. Mkishuka, kabla hamjapiga picha ya kwanza, pigeni picha ya ratiba ya kurudi iliyobandikwa kituoni, kisha pangeni kurudi na basi la kabla ya lile la mwisho. Kwa ratiba za mjini na viunga vyake tumieni programu ya Jakdojade, na kwa ramani za njia za miguu Mapy.com, ambayo hufanya kazi bila intaneti mkiipakua ramani mapema. Fanyeni hivyo hotelini, maana chini ya bonde kuta za mawe hukata mtandao. Kigari kiwe cha kukunjika kuwa kama mwavuli. Kile kikubwa chenye kitanda hakitaingia kwenye buti la basi dogo.

Mkifika, msianze na kasri. Anzeni na pango, kwa sababu ndilo lenye kupanda na lenye foleni. Kutoka chini ya kasri fuateni barabara ya bondeni kuelekea kusini, mto ukiwa kando yenu. Ni lami, magari ni machache, na kigari kinapita vizuri. Kwa mwendo wenu ni kama nusu saa hadi Brama Krakowska, Lango la Kraków: nguzo mbili za mwamba zilizosimama pande mbili za njia, ambako zamani misafara ya wafanyabiashara ilipita ikielekea Silesia, eneo lililo magharibi mwa hapo. Hapo hapo kuna chemchemi iitwayo Źródełko Miłości, Chemchemi ya Mapenzi. Watoto walowanishe mikono tu.

Langoni ndipo kigari kinapokomea. Njia yenye alama ya bluu hupanda msituni hadi Pango la Łokietek (Jaskinia Łokietka). Mtu mzima hutumia nusu saa. Wekeni saa nzima. Mbebeni mdogo kwa mbeleko. Kanga mbili zitawafaa kuliko kiti cha kubebea mgongoni chenye fremu, kwa sababu ndani ya pango dari hushuka, na fremu inayozidi kichwa cha mbebaji hugonga mwamba. Mkifika mlangoni mhamishieni kifuani, ili mwenye kumbeba aone kichwa chake kilipo.

Pango lina urefu wa mita 320 hivi na huingiwa na kiongozi kwa makundi, kama nusu saa. Ndani ni nyuzi 7 hadi 8 mwaka mzima. Watoto watakuwa wametokwa na jasho la kupanda, kwa hiyo wavalishwe sweta kabla ya kuingia, si baada ya kuanza kutetemeka. Lango lake la chuma limefumwa mfano wa utando wa buibui. Hadithi yasema mfalme wa Poland, Władysław Łokietek, alijificha humo akiwakimbia askari wa mfalme wa Bohemia (Czech ya leo), buibui akafuma utando mlangoni, na waliomsaka wakapita wakidhani hapana mtu. Watoto waliosimuliwa nyumbani habari ya Mtume (s.a.w.) na Abubakar katika pango la Thaur watashangaa kukuta simulizi iliyofanana nayo katikati ya Ulaya, na kiongozi wa pango hufurahi mtoto akimwambia hilo. Mkiona popo, msiwamulike wala kuwapigia kelele. Hifadhi hii imemchukua popo kuwa nembo yake, na popo aliyeamshwa anapojiandaa kwa usingizi wa baridi hupoteza mafuta ambayo hana pa kuyapata hadi masika.

Rudini kwa njia ile ile ya bluu. Ramani itawaonyesha njia nyeusi inayofanya mzunguko hadi Ojców, na inavutia, lakini kigari chenu kiko langoni. Teremkeni polepole, maana watu huteleza wakati wa kushuka. Oktoba majani ya miti ya beech hufunika njia, na chini ya majani makavu kuna majani yaliyolowa, na chini yake jiwe. Mtoto atembee nyuma ya mtu mzima, si mbele, asije akashika kasi.

Baada ya chakula ndipo mtembee upande wa kaskazini, kupita magofu ya kasri la mfalme Kazimierz Mkuu, hadi Kanisa Juu ya Maji (Kaplica na Wodzie). Ni kanisa dogo la mbao la mwaka 1901, limejengwa juu ya kijito likiegemea kingo mbili. Masimulizi ya hapo husema utawala wa mfalme wa Urusi ulikataza kujenga nyumba za ibada katika ardhi ya Ojców, basi watu wakajenga juu ya maji. Njia ni tambarare na kigari kinafika. Jumla ya siku nzima haizidi kilomita 7, na kwa mtoto wa miaka sita ambaye hajazoea, hapo ndipo pa kuishia.

Utaona picha nyingi za mwamba mwembamba uitwao Maczuga Herkulesa, Rungu la Herkules, wenye mita 25 hivi, uliosimama karibu na kasri la Pieskowa Skała. Hadithi yake inapendeza: mchawi Twardowski alimwamuru shetani ausimamishe kichwa chini, ndiyo maana chini ni mwembamba kuliko juu. Lakini uko kilomita saba hivi kutoka Ojców, na sehemu za barabara mtagawana na magari bila njia ya waenda kwa miguu. Kwa miguu na kigari, hapana. Wakubwa wakiutamani sana, mwende kwa gari la kukodi siku nyingine, na njiani mpite Grodzisko, ambako kuna tembo wa jiwe wa mwaka 1686 aliyebeba nguzo mgongoni.

Kabla sijafika kwenye bonde la pili, neno kuhusu alama. Njia za Poland huwekwa mistari mitatu ya kulala kwenye miti na mawe: mweupe, wa rangi, mweupe. Rangi haimaanishi ugumu hata kidogo. Nyekundu (czerwony, "chervoni") si hatari kuliko kijani (zielony, "zheloni"). Ni majina tu ya njia. Wageni wengi huchagua njia nyeusi au huikimbia kwa sababu ya mazoea ya viwanja vya kuteleza thelujini, na wote hukosea. Doa la rangi ndani ya duara jeupe ni mwanzo au mwisho wa njia. Mkitembea dakika kumi bila kuona alama, rudini hadi ile ya mwisho mliyoiona, msikate msituni. Na muda ulioandikwa kwenye vibao ni wa mtu mzima asiyesimama: uzidisheni mara mbili.

Siku ya nne, mvua ikiwa haijanyesha usiku, nendeni Bonde la Będkowska ("Bendkofska"). Lina kilomita 8 hivi, lakini hamlazimiki kulimaliza. Mnakwenda hadi nusu ya nguvu za mdogo wenu kisha mnageuka. Njia ya chini ni pana na kigari chenye magurudumu imara kinapita. Mna mwamba wa Sokolica wenye mita 70 hivi, mrefu kuliko miamba yote ya uwanda huu, chini yake kuna mahali pa kula na choo, na yapo maporomoko madogo ya Szum, mita tano hivi, ambako watoto watataka kubaki hadi jioni. Wapeni saa nzima hapo. Bora wacheze na maji, hata mkiacha kilomita mbili. Wapanda miamba hufanya mazoezi kwenye kuta hizo. Waangalieni kwa mbali, msikae kula chini ya kamba zao, kwa sababu kijiwe kidogo kinachong'oka mita thelathini juu hufika chini kikiwa kizito.

Bila gari, lifikieni kwa treni ya reli ya Krzeszowice, mkishuka Rudawa, kisha kutembea au teksi. Kwa nyinyi nasema teksi, maana kutembea barabarani kabla ya kuanza matembezi yenyewe huwachosha watoto bure. Teksi ikikosekana, shukeni Zabierzów, mwende Bonde la Bolechowicka. Mdomo wake ni lango la miamba miwili mirefu linaloonekana tangu kijijini, na bonde lenyewe ni kilomita moja na nusu tu. Ila njia ni nyembamba, hivyo kigari kibaki hotelini. Bonde la Mnikowska, kando ya kijito cha Sanka, ni fupi vilevile na lina picha ya Bikira Maria iliyochorwa kwenye ukuta wa mwamba na Walery Eljasz-Radzikowski mwaka 1863.

Mavazi. Oktoba asubuhi inaweza kuwa nyuzi 3, mchana 15, na bondeni jua huchelewa kufika na huwahi kuondoka. Mwanzoni mwa mwezi huzama saa kumi na mbili na robo hivi jioni, katikati ya mwezi saa kumi na mbili kasorobo, na kati ya kuta za mawe giza hutangulia. Saa kumi alasiri muwe mmekwisha geuka. Viatu viwe vya raba zenye meno. Buti za gharama si lazima. Jinzi ziacheni, kwa sababu pamba nzito ikilowa haikauki siku nzima na hunyonya joto la mwili. Kila mtoto awe na soksi za akiba ndani ya mfuko wa nailoni. Mdogo avae nguo moja zaidi ya mnavyovaa nyinyi: mnaotembea mnapata joto, yeye amekaa. Mguseni shingoni kwa nyuma, si mikononi. Mikono ya mtoto huwa baridi hata akiwa mzima. Maji, lita moja kwa mtu mzima na nusu lita kwa mtoto yanatosha kwa saa nne katika baridi hiyo, pamoja na chupa ya chai ya moto.

Chakula hakitawasumbua mkijua maneno machache. Wieprzowina ni nguruwe, boczek na skwarki ni vipande vyake vya mafuta, smalec ni mafuta yake ya kupaka mkate. Mtego uko kwenye pierogi ruskie, maandazi ya kuchemsha yenye viazi na jibini. Ndani hayana nyama, lakini juu humwagiwa skwarki. Sema "bez skwarek" kabla hayajaja. Supu ya żurek huwekwa soseji, iacheni. Bondeni Prądnik kuna mabwawa ya samaki, na pstrąg, yaani trauti, wa kukaanga au kuchomwa ndiye chakula cha pale. Mjini tafuteni bar mleczny, migahawa ya bei nafuu ya tangu zamani: naleśniki z serem ni chapati laini za jibini tamu, na hakuna mtoto anayezikataa. Mkeka wenu uwe kanga ya tatu. Na kumbuka kuwa Jumapili nyingi maduka makubwa hufungwa kwa sheria, kwa hiyo vitafunio vya Jumapili hununuliwa Jumamosi. Kadi hukubaliwa karibu kila mahali, ila bebeni złoty, yaani fedha ya Poland, za noti ndogo na sarafu kwa basi, choo na tiketi ya pango.

Mjini sitakaa sana, kwa kuwa Kraków hujionyesha yenyewe. Mji mkongwe uliingia katika orodha ya kwanza kabisa ya Urithi wa Dunia mwaka 1978. Barabara zake za mawe hutikisa kigari, kwa hiyo zungukeni kwa Planty, bustani iliyopandwa palipokuwa kuta za mji, kilomita 4 za njia laini, na muingie katikati kwa vipande. Kila saa tarumbeta hupigwa kutoka mnara wa kanisa la Maria kuelekea pande nne, na wimbo hukatika ghafla. Waambie watoto wakae kimya wausikie ukikatika, ndipo uwasimulie habari ya mlinzi aliyechomwa mshale wa Wamongolia akiwatahadharisha wenyeji. Wanunulie obwarzanek, mkate wa pete unaouzwa kwenye vitoroli. Wawel, kilima chenye kasri la wafalme, kuna pango la joka, ngazi 135 za kushuka tu: mzazi mmoja ashuke na wakubwa, mwingine azunguke na kigari hadi kando ya mto Wisła, mkutane kwenye sanamu ya joka ya Bronisław Chromy, inayotema moto wa kweli kila baada ya dakika chache. Mvua ikinyesha siku ya tatu, mgodi wa chumvi wa Wieliczka unafikika kwa treni kutoka kituo kikuu. Una ngazi zaidi ya 800, 380 za kwanza zikiwa mfululizo, na mnarudi juu kwa lifti. Mdogo abebwe kwa mbeleko.

Sasa kupe, nao Oktoba bado wapo. Hawaruki wala hawaanguki kutoka mitini; husubiri kwenye nyasi na vichaka vya urefu wa magoti. Kutembea katikati ya njia na kuingiza suruali ndani ya soksi huondoa sehemu kubwa ya hatari. Kila jioni kagueni watoto kabla ya kuoga: nyuma ya masikio, shingoni, kwapani, kinenani, nyuma ya magoti, na kwa binti aliyesukwa, mstari mmoja mmoja wa nywele. Ukimkuta, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja juu bila haraka. Usimpake mafuta wala mafuta ya taa, kwa maana akisumbuliwa hutema zaidi ndani ya jeraha. Safisha, andika tarehe, na uangalie pale kwa siku 30. Vitabu husema litokee duara jekundu linalopanuka. Juu ya ngozi yetu mara nyingi si jekundu: huwa jeusi zaidi ya ngozi au la zambarau, na madaktari wasiozoea hulipita. Ukiona alama inayopanuka, au mtoto akipata homa, mpeleke kwa daktari na umtajie kupe na tarehe. Ugonjwa huo wa kupe, borreliosis (au Lyme), hutibiwa kwa antibiotiki, na kwa kawaida kupe huhitaji kukaa saa nyingi ndipo auambukize. Homa ya ubongo ya kupe ni jambo jingine, kwani virusi vyake vinaweza kupita mara tu anapouma na haina dawa ya kuiponya, bali ina chanjo inayotolewa Ujerumani, hata kwa watoto kuanzia mwaka mmoja. Dozi mbili za kwanza hupishana kwa mwezi mmoja hadi mitatu, kwa hiyo mpigie daktari wa watoto wiki hii, usingoje Septemba iishe.

Pasipoti na vibali vya ukaazi vya watu wote watano viwe mkononi, si kwenye sanduku, kwa sababu treni zinaweza kukaguliwa mpakani. Namba ya dharura ni 112, na ya waokoaji wa milimani, wanaohudumia pia mabonde haya, ni 985.